Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu wa Lindi na Mtwara: Watoto wetu wanajua "halafu", tuwafundishe "kwa sababu"

Kwa Maafisa Elimu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, Wakurugenzi wa Halmashauri, Wathibiti Ubora wa Shule na Maafisa Elimu Kata.

YAH: OMBI LA KUTAMBUA NA KUWEZESHA MATUMIZI YA STORIBODI KATIKA KUFUNDISHA MSUKO WA HADITHI, SABABU NA MATOKEO

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya sekondari ya kata mkoani Lindi. Nawaandikia kwa heshima, na nimechagua kuandika hadharani kwa kuwa shida ninayoieleza si ya shule yangu peke yake. Kila ninapozungumza na walimu wenzangu, awe wa Liwale, wa Ruangwa, wa Tandahimba au wa Nanyumbu, nasikia malalamiko yaleyale kuhusu insha zilezile.

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Pili nafasi ya kutunga kisa, naye atakuletea kitu cha namna hii: "Siku ile niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikaenda shamba, nikamwona nyoka, nikakimbia, nikafika nyumbani, nikalala." Kisarufi hamna kosa la kupigia mstari mwekundu. Kiambishi -ka- kimefanya kazi yake, kimeyapanga matukio kama magunia ghalani, moja baada ya jingine. Lakini -ka- hutupa mfuatano tu, sababu haitupi. Ukimuuliza mtunzi kwa nini alikwenda shamba asubuhi ile, au kumwona nyoka kulibadilisha nini, anakutazama tu, kwa kuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Mwondoe nyoka, na kisa kitaendelea vilevile: mtoto ataamka, atakunywa chai, atalala. Nyoka mzima anapotea bila kuacha pengo.

Wala si haki kumlaumu mtoto. Tangu shule ya msingi amezoezwa lile swali la kupanga sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Ni swali zuri kwa mtiririko, lakini mwenye macho makali hulijibu kwa kuwinda maneno kama "kisha" na "hatimaye", bila kuelewa ni tukio gani lililozaa jingine. Akifika sekondari anakutana na istilahi za msuko, yaani jinsi matukio ya hadithi yanavyofungamana: msago, rejea, rukia, mgogoro, kilele, mshuko. Anazikariri zote. Ule mchoro wa piramidi uliotokana na Mjerumani Gustav Freytag, ambaye mwaka 1863 aliigawa tamthilia katika hatua tano, anaweza kuuchora akiwa amefumba macho. Mwambie sasa atunge kisa chenye kilele, atakuandikia nyoka yuleyule.

Nimehangaika na tatizo hili kwa miaka kadhaa, na njia iliyonisaidia kuliko zote imetoka kwa watengenezaji wa filamu. Storibodi ni mfululizo wa michoro midogo inayoonyesha hadithi, tukio kwa tukio, kabla haijapigwa picha. Utaratibu huu ulikomaa katika studio ya Walt Disney huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipoanza kubandika michoro ukutani kwa pini ili wote waione katuni nzima kwa mara moja. Faida yake kubwa haikuwa uzuri wa michoro. Mchoro uliobandikwa kwa pini unaweza kubanduliwa. Unasogezwa mbele, unarudishwa nyuma, unatupwa, na yote hayo yanafanyika kabla watu hawajatumia miezi na fedha kuchora maelfu ya picha za katuni yenyewe. Insha iliyokwisha kuandikwa kwa wino haisogezwi. Mwanafunzi aliye katika aya ya sita akigundua kwamba aya ya pili ina kasoro, huiacha ilivyo, maana kwake kurudia ni adhabu.

Darasani kwangu storibodi tunaiita mkeka. Jina hilo walilitoa wanafunzi wenyewe, siku nilipowaeleza kwamba neno "msuko", tunalolitumia katika fasihi, limetokana na kusuka. Wengi wao wamekua wakiwatazama mama na bibi zao wakisuka ukili barazani, na wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba ukichomoa chane moja, za jirani yake zinalegea. Nilichotafuta kuwaeleza kwa vipindi vitatu walikisema wao kwa sentensi moja.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Karatasi moja ikikunjwa mara tatu hutoa vyumba vinane. Tunatumia upande wa nyuma wa karatasi za mitihani iliyopita, wanafunzi wanne kwa kila kundi, kwa kuwa darasa lina watoto sitini. Watu wanachorwa kwa vijiti, kichwa duara na mwili mstari. Wakishachora wanavikata vyumba, wanavichanganya, kisha wanavipanga upya juu ya dawati. Sharti ni moja: kati ya picha na picha lazima kiwekwe kikaratasi chenye neno la kuziunganisha. "Halafu" inaruhusiwa mara moja tu katika mkeka mzima. Kwingineko kote ni lazima watafute neno linalobeba uhusiano: kwa hiyo, kwa kuwa, ndipo, kumbe, ingawa, matokeo yake. Hapo ndipo kelele zinapoanza, na ni kelele ninazozipenda, kwa sababu watoto wanagombania kiunganishi.

Niruhusuni nieleze mkeka mmoja kwa kirefu. Msichana mmoja alitunga kisa cha familia ya mkulima wa korosho. Katika insha yake ya kwanza, aliyoiandika kabla ya kuchora, baba alipalilia, akapuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiri usiharibu maua, mikorosho ikazaa vizuri, korosho zikaokotwa, na mwishoni mama akabaki akilalamika kwamba nyumba inavuja. Nilikuwa nimempa alama nzuri, maana tahajia ilikuwa safi. Alipochora, picha ya saba ilionyesha magunia manne yaliyojaa, na ya nane ilimwonyesha mama akitega sufuria chini ya paa la makuti. Mwenzake wa kundi aliweka kidole kati ya picha hizo mbili, akauliza: "Mbona korosho wamepata na bati hawakununua?" Yule msichana akataka kuweka neno "lakini". Wakamkatalia. Walisema "lakini" inatuambia kuna kinyume, haituambii kwa nini.

Alikaa kimya kitambo akitazama picha zake. Kisha akachana kipande kwenye kona ya daftari, hakizidi ukubwa wa kiberiti, akachora mtoto amelala kitandani, mistari ya mvua, na mtu amesimama mlangoni ameshika bakuli. Bakuli lile kila mtu wa huku analijua. Ni kangomba. Ni mtu anayetoa hela wakati wa shida ili alipwe korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Msichana alikiweka kipande kile kabla ya picha ya kwanza, na zile nane zilizofuata zikabadilika maana bila kuguswa na mtu. Palizi ya baba haikuwa palizi tu tena. Alikuwa anazipalilia korosho ambazo si zake. Magunia manne yalikuwa ya mtu mwingine tangu siku ya mvua. Insha aliyoandika wiki iliyofuata ilianza na mvua hiyo, na ilikuwa na "halafu" moja.

Baada ya kupanga, tunapima. Kila kundi huchagua picha moja na kuilaza kifudifudi, kisha husema sentensi ya -nge-. "Kama mtoto asingeugua, baba asingechukua hela ya kangomba, kama asingechukua hela hiyo, magunia yangekwenda kwenye ghala la chama cha msingi na kuuzwa mnadani." Picha ambayo ukiilaza hakuna kinachobadilika haimo katika msuko, hata kama imechorwa vizuri kuliko zote. Chai ya asubuhi huondokea hapo. Lugha yetu imetupa vyombo viwili tayari, -ka- ya kupangia na -nge- ya kupimia. Sisi walimu tumeifundisha ya kwanza katika simulizi na ya pili katika mazoezi ya kujaza nafasi, wala hatukuziweka meza moja.

Kwenye Historia manufaa yamekuwa makubwa zaidi, na hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo. Vita vya Maji Maji vilianzia kwetu. Ni Wamatumbi wa Nandete, katika Wilaya ya Kilwa, walioing'oa pamba mwezi Julai 1905. Hata hivyo mwanafunzi wa mkoa huuhuu huvisoma vita hivyo kama orodha ya hoja sita za sababu na hoja sita za athari: kodi, pamba, ukatili wa maakida, maji ya mganga, njaa, vifo. Anazitaja zote na kupata alama zote, na katika akili yake hakuna hata moja iliyomgusa mwenzake.

Tulipoyaweka matukio hayo kwenye mkeka, ubishi ulizuka juu ya picha ya mganga Kinjekitile Ngwale akigawa kule Ngarambe maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Kundi moja liliiweka mwanzo kabisa, likisema maji ndiyo yaliyoleta vita. Kundi jingine liliiweka baada ya picha ya watu wanaolimishwa pamba kwa nguvu. Nikawaambia wailaze kifudifudi. Kama maji yasingekuwepo, watu wasingeichukia pamba? Wangeichukia, walijibu, maana ililimwa kwa viboko, ujira wake haukuwa na maana, na mashamba ya chakula yalikosa mikono. Kama maji yasingekuwepo, je, Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wa Songea wangeingia katika vita vilevile? Darasa likanyamaza. Hatimaye kijana mmoja akasema kwamba pamba inaeleza hasira, na maji yanaeleza jinsi watu wasio na mtawala mmoja walivyopata kiapo kimoja na ujasiri wa kuzikabili bunduki. Picha ikahamishwa kutoka mwanzo hadi katikati. Nimesahihisha insha nyingi za Maji Maji, na sijapata kusoma hoja hiyo katika hata moja.

Walishangazwa pia na picha ya kunyongwa kwa Kinjekitile. Karibu makundi yote yaliiweka mwisho, kwa kuwa katika hadithi walizozizoea kifo cha kiongozi hufunga kisa. Lakini alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, na vita vikaendelea hadi mwaka 1907. Ilibidi wajiulize ni nini kilichoviendesha vita baada yake, na swali hilo lilitokana na nafasi ya picha mezani, wala si na mwalimu.

Upande wa kulia wa mkeka walikuwa wamechora vita, kisha njaa, na katikati wameweka ile "halafu" yao moja. Tukatafuta picha iliyokosekana: askari wa serikali ya Kijerumani wakichoma maghala na mashamba ya chakula. Njaa ile haikuja yenyewe. Ilitumiwa kama silaha, na iliua watu wengi kuliko risasi. Mtoto aliyechora ghala likiungua kwa mkono wake mwenyewe haandiki tena kwamba baada ya vita "kukatokea njaa".

Ninaweza kuongeza mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ukafika hadi Nachingwea, na kuachwa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, ila bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ipo, na leo inapakia korosho. Hiyo ni mikeka ya muhula ujao.

Waheshimiwa, najua pingamizi zipo. Mgeni mmoja aliyekuja kutazama kipindi changu aliwakuta watoto wamechuchumaa sakafuni wakipanga vikaratasi, akaandika kwamba muda wa somo unatumika kwa michezo na kwamba madaftari hayana kazi za kutosha. Ni kweli, wiki ile madaftari hayakuwa na kazi. Niliumia, kwa sababu nilijua kilichokuwa katika vile vikaratasi, na kwa sababu baada ya maandishi yale walimu wawili waliokuwa wameanza kujaribu njia hii waliiacha. Simshutumu mtu. Fomu aliyokuja nayo ilikuwa na mahali pa kuhesabu mazoezi yaliyosahihishwa, na haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtoto ameihamisha picha kutoka mwanzo hadi katikati, na kwa nini.

Wapo wanaosema watoto wetu hawajui kuchora. Vijiti vinatosha, nimekwisha kusema. Isitoshe, mikoa hii ina utaalamu ambao wengine hawana. Katika vinyago vya mpingo vya Wamakonde vile vinavyoitwa ujamaa, watu wamepandana kuuzunguka mti mmoja, kila mmoja amebebwa na aliye chini yake. Mchongaji hawezi kumtoa wa juu kabla hajajua nani atakayembeba. Huo ni msuko uliochongwa, na ningefurahi sana siku moja mchongaji kutoka Newala au Masasi akialikwa darasani aeleze jinsi anavyoamua kabla patasi haijagusa gogo.

Linaloniumiza kichwa kwa kweli ni mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Kwake tumetumia vitu badala ya picha: ganda la korosho, kipande cha kamba, jiwe, mkaa. Kila kitu kinasimama badala ya tukio, naye anavipanga kwa vidole huku akisimulia. Amefanya vizuri, lakini hapa tunahitaji msaada wa walimu wa elimu maalumu, maana mimi nabahatisha.

Maombi yangu ni haya. La kwanza na kubwa ni utambuzi. Naomba ofisi zenu zitoe waraka mfupi unaosema kwamba storibodi ya mwanafunzi, pamoja na vikaratasi vyake vya viunganishi, ni kazi halali inayohesabiwa katika ukaguzi wa somo sawa na zoezi la daftari, na kwamba inaweza kuandikwa katika andalio la somo bila mwalimu kujieleza. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 unadai umahiri, yaani mwanafunzi aonyeshe anachoweza kukifanya, kwa hiyo siombi kitu kilicho nje ya mtaala.

Naomba pia mafunzo endelevu ya walimu kazini, yale tunayoyaita MEWAKA, yatenge siku moja katika kila kata kwa ajili ya walimu wa Kiswahili na Historia, nao wachore mikeka yao wenyewe kabla ya kuwapelekea watoto. Mwalimu ambaye hajawahi kugombania neno "kumbe" hataivumilia ile kelele.

Kuhusu karatasi, hesabu ni ndogo. Darasa la wanafunzi sitini lina makundi kumi na matano, na kila kundi linatumia karatasi moja. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha mikeka 33 ya darasa zima, ambayo ni zaidi ya mahitaji ya mwaka. Rimu moja kwa kila mkondo kwa mwaka, ikitengwa katika bajeti ya shule, si mzigo. Na pale isipopatikana, uwanja wa shule una mchanga na miti ina vijiti.

Mitihani ya kitaifa ni kazi ya Baraza la Mitihani, siigusi. Ila mitihani ya utimilifu iko mikononi mwenu. Naomba liwekwe swali moja tu lenye picha nne zilizopangwa, ya tatu ikiwa imeachwa tupu, mwanafunzi aeleze kwa sentensi chache ni tukio gani linalokosekana na kwa nini picha ya nne isingewezekana bila hilo. Sote tunajua kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi kwa moyo, na swali moja litafanya kazi ambayo semina kumi hazitaifanya.

Hata hivyo nawasihi, msiigeuze njia hii kuwa amri kwa kila mwalimu na kila kipindi. Yapo masomo ambayo hayaihitaji. Shairi la hisia, kwa mfano, huharibika ukilikatakata katika vyumba vinane. Mwalimu aachiwe aamue, na anayeamua kuitumia apewe vipindi viwili mfululizo, kwa sababu dakika 40 huisha watoto wakiwa bado wanakata karatasi, na ubishi wenye faida huanza baada ya hapo.

Kidato cha Kwanza watapanga mkeka wao wa kwanza Jumatano ijayo, vipindi viwili vya mwisho kabla ya chakula cha mchana. Yeyote kati yenu anakaribishwa. Atakayekuja, namwomba achague kundi moja akae nalo tangu karatasi inapokunjwa hadi picha ya mwisho inapowekwa, na akiwakuta wanabishana, asiwanyamazishe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Shule ya sekondari ya kata, Mkoa wa Lindi.

Nakala: Wakuu wa shule na walimu wa Kiswahili na Historia, Lindi na Mtwara.